Sweta la Mkono Mmoja

Ijumaa jioni Bi Pole alivua viatu mlangoni, akaviacha vimelala ubavu vilevile vilivyoangukia, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha dirishani bila kusalimia mtu. Shangazi yake, aliyekuwa akipanga vyombo kabatini, hakuudhika. Alijua kwamba mpwa wake akirudi Ijumaa huwa amebakiwa na maneno machache, na hayo machache hayatoshi hata kwa salamu.

Bi Pole halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Alikuwa mpokea malalamiko katika ofisi ya maji, na kazi yake kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa ilikuwa kuinua simu, kusikiliza, kisha kujibu kwa maneno ambayo meneja aliyabandika ukutani mbele ya pua yake: "Pole sana. Lalamiko lako limepokelewa na linashughulikiwa." Hakuruhusiwa kupunguza neno wala kuongeza. Siku moja aliongeza "Mungu atasaidia", kwa sababu mama aliyepiga simu alikuwa akilia, akapewa onyo la maandishi kwa kuahidi huduma ambayo ofisi haitoi.

Kwamba limepokelewa, kweli lilipokelewa. Kwamba linashughulikiwa, hapo ndipo penye kazi. Karatasi za malalamiko zilitoka mezani kwa Bi Pole zikaenda meza ya pili, zikawekwa juu ya zile za wiki iliyopita. Mlundo ukirefuka hata ukataka kuanguka, ulihamishiwa sakafuni, ambako hauna pa kuangukia. Mafundi walikuwapo zamani. Mmoja alistaafu, mwingine alipelekwa makao makuu akawe dereva wa mkurugenzi, na spana zao zikafungiwa kabatini zisije zikapotea. Kilichopotea ni ufunguo wa kabati.

Wateja wa kila siku aliwajua kwa sauti. Kulikuwa na mwalimu mstaafu wa barabara ya juu, ambaye bomba lilipasuka mbele ya nyumba yake zamani hizo, naye alikuwa akipiga simu kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Mwanzoni alilalamikia maji. Baadaye akalalamikia dimbwi. Siku hizi alikuwa analalamikia vyura, ambao walihamia dimbwini, wakaoana, wakazaana, na sasa walikuwa wanafanya vikao vya ukoo usiku kucha. Kulikuwa pia na mshonaji mwenye duka karibu na soko, ambaye bomba lake halikutoa maji ila mluzi, tena mluzi wa kihuni, na wanawake wote waliopita mbele ya duka waliamini kwamba mhuni ni yeye.

Wote hao Bi Pole aliwapa pole. Ikifika Ijumaa alikuwa ametoa pole nyingi kuliko mtu aliyehudhuria misiba ya mji mzima, na hakuna aliyekumbuka kumpa yeye hata moja. Jambo hilo lilimuuma, na lilimuuma sana. Lakini hakumwambia mtu, maana ukishamwomba mtu akupe pole atakupa, na utakuta si ile uliyokuwa unaitaka.

Dawa yake ilikuwa Jumamosi. Jumamosi Bi Pole alikaa dirishani na vitu viwili: kikapu cha uzi na sindano zake za kufumia, na karatasi kubwa za kalenda zilizopitwa na wakati, ambazo nyuma ni nyeupe na zinafaa kuandikia hadithi. Aligundua zamani kwamba kimoja hakitoshi. Akifuma tu, kichwa kinabaki ofisini kinajibu simu. Akiandika tu, mikono inapapasa mezani ikitafuta mkonga wa simu. Kwa hiyo alifuma safu moja, akaweka sindano mapajani, akaandika sentensi moja, akarudi kwenye uzi. Chochote kilichokuwa mapajani siku hiyo kilipata nafasi katika hadithi, na hadithi iliishia pale chai ilipopoa. Hakuna aliyeisoma, hakuna aliyeisubiri. Katika wiki nzima hilo ndilo jambo pekee lililokuwa halisubiriwi na mtu, na Bi Pole alijua wazi kwamba siku atakayonyang'anywa Jumamosi yake, hataifikia Jumatatu akiwa mzima.

Wakati huo alikuwa anafuma sweta la kijivu la shangazi yake. Alilianza baridi ya mwaka jana, na lilikuwa limefika mkono mmoja.

"Sweta langu vipi?" shangazi aliuliza asubuhi ile ya Jumamosi, akimletea chai.

"Limefika begani."

"Begani lilifika tangu lini! Wewe sema tu limepokelewa na linashughulikiwa, nijue nanunua koti."

Bi Pole alicheka, cheko la kwanza tangu Jumatatu. Alifuma safu moja, kisha akaandika: "Palikuwa na fundi wa maji aliyekuwa hachoki." Akafuma safu ya pili, akaandika: "Alivaa sweta la kijivu lenye mkono mmoja." Safu ya tatu ikampa fundi mfuko wa spana. Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Fundi alipanda barabara ya juu, akaliziba bomba la mwalimu, akawakusanya vyura kwenye ndoo na kuwapeleka bondeni, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Kisha akaenda kwa mshonaji, akalifungua bomba, akalikaripia, nalo likaacha mluzi likatoa maji. Chai ikapoa. Bi Pole akaacha hapo hapo, akaegemea kiti, akalala mchana kweupe mdomo wazi, na shangazi akapita kwa ncha za vidole.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alitafuta sweta kikapuni asilione. Akatafuta chini ya kiti, na chini ya mto. Alikuwa bado ameinama wakati hodi ilipopigwa.

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye tope mpaka magotini na mfuko wa spana begani. Amevaa sweta la kijivu. Mkono mmoja ulifika kwenye kifundo, na upande wa pili sindano mbili zilining'inia begani, na uzi ulimfuata nyuma kushuka ngazi mpaka nje, ambako donge lilikuwa limekwama kwenye geti.

"Nimemaliza, dada," alisema. "Bomba la mwalimu tayari, na la mshonaji tayari. Sasa hukuandika niende wapi."

Bi Pole alifikiri, akakumbuka kwamba ni kweli.

"Nilisahau," alisema. "Chai ilipoa."

Shangazi alikuja akamtazama mgeni toka juu hadi chini, kisha kifuani, akabaki hapo.

"Hilo sweta ni langu."

"Shikamoo mama. Najua ni lako. Mimi nilivalishwa tu."

"Marahaba." Shangazi akamgeukia mpwa wake. "Yaani umemwandika mtoto wa watu bila nyumba? Bila mama, bila mke, hata kitanda hukumwekea?"

"Ilikuwa hadithi ya mapumziko, shangazi."

"Haya. Uliyemwandika wewe, utamlisha wewe."

Lakini aliyempakulia chakula ni shangazi mwenyewe, na aliyemtandikia mkeka barazani ni shangazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa amekuja na spana zake, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshakaza bawaba za milango yote, kwa hiyo shangazi hakuona neno. Alitaka sweta lake tu. Fundi alisema atalivua mara atakapopata cha kuvaa, kwa kuwa ndani hakuandikiwa hata fulana.

Jumatatu simu ilikaa kimya. Bi Pole aliinua mkonga akasikiliza, akaurudisha. Ilipolia hatimaye, alikuwa mwalimu mstaafu.

"Mwanangu, vyura wangu wako wapi?"

"Pole sana," Bi Pole alianza, "lalamiko lako limepokelewa..."

"Silalamiki. Nimepata usingizi mara ya kwanza tangu nistaafu. Yule kijana wenu ni hodari, na ana adabu, ingawa mnamvisha vibaya. Nimepiga kushukuru."

Bi Pole aliutazama ukuta. Juu ya shukrani ukuta haukusema kitu. Katika miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyewahi kushukuru, ndiyo maana hapakubandikwa jibu.

"Pole sana," alisema tena, kwa sauti ya furaha, akakata simu.

Kimya kile kilimtoa meneja ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene mpole, mwenye kalamu nyekundu mfuko wa shati na mhuri mfuko wa suruali, asiyependa kuachana na hata kimoja. Alidhani waya wa simu umekatwa, akaufuata kwa macho mpaka ukutani. Alipoambiwa kwamba waya ni mzima na kwamba watu wamepata maji, aliketi kwenye kona ya meza.

"Wamepataje?"

"Fundi ametengeneza."

"Fundi gani? Sisi hatuna fundi."

"Wa kwangu. Nilimwandika Jumamosi."

Meneja alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa amefanya kazi serikalini muda mrefu, na hakuna jambo lililoweza kumshangaza isipokuwa jambo lililofanyika upesi.

"Ana kibali?"

"Hana kibali, bosi. Ana sweta."

"Hapo sasa pana tatizo," meneja alisema. "Bomba limetengenezwa bila kibali. Kwa hesabu za ofisi, bomba hilo bado bovu. Halafu tazama hiyo simu. Hii ni idara ya malalamiko. Malalamiko yakiisha, mimi na wewe tutakaa hapa tunafanya nini? Mlete huyo kijana. Na hiyo karatasi uliyomwandika ilete."

Kesho yake fundi alifika na Bi Pole. Alipewa shati la ofisi, akavua sweta, akalikunja vizuri na sindano zake mahali pake, akamkabidhi Bi Pole. Wakati meneja anaisoma hadithi, fundi alikuwa ameshaona bomba linalovuja kwenye korido, hapo hapo ofisini, ambalo chini yake paliwekwa ndoo tangu meneja aliyetangulia. Akachomoa spana, akaanza kwenda.

"Unaandika vizuri," meneja alisema, naye alisema kweli, maana alicheka mara mbili kwenye vyura. "Kipaji kipo. Ila hadithi yako imeruka utaratibu." Akachomoa kalamu nyekundu, na katikati ya sentensi ya tatu na ya nne, kwa mwandiko mzuri wa mviringo, akaingiza yake: "Lakini kwanza aliomba kibali, akakisubiri." Akagonga mhuri juu yake.

Fundi alikuwa ameshafika kwenye ndoo. Alisimama, akairudisha spana mfukoni, akaja kuketi kwenye benchi la korido, mikono magotini.

"Unaona?" meneja alisema. "Haraka haraka haina baraka. Jumatatu niletee mwingine."

"Mwingine wa nini, bosi, kama atakaa kwenye benchi?"

"Makao makuu wanauliza kila mwezi tuna mafundi wangapi. Sasa tutakuwa na la kuwajibu."

"Lakini Jumamosi ni siku yangu ya kupumzika, na hadithi ndiyo mapumziko yenyewe."

"Na nani kakwambia usipumzike? Si wewe uliyesema hadithi ni mapumziko yako? Basi ofisi imekuruhusu upumzike kwa manufaa ya umma. Kurasa mbili, zenye vichwa vya habari. Na achia nafasi ya mhuri."

Jioni hiyo hiyo bomba la mwalimu lilipasuka upya. Kwa kweli halikupasuka upya. Kwa kuwa fundi alikuwa bado anasubiri kibali, lilikuwa halijawahi kuzibwa. Vyura walirudi kutoka bondeni kwa miguu.

"Wamerudi," mwalimu alisema kwenye simu asubuhi, kabla ya mswaki. "Na wamekuja na wageni."

"Pole sana," alisema Bi Pole. "Lalamiko lako limepokelewa na linashughulikiwa."

Alijitahidi, mtu asije akamlaumu. Alijaribu kuufuta wino mwekundu, karatasi ikatoboka na mhuri ukabaki. Aliandika fundi mwingine kwa siri na kumpeleka kwa mwalimu bila kupita ofisini; fundi akakutwa na mlinzi wa ofisi, akanyang'anywa spana, akaonyeshwa benchi. Mwisho akaandika katika kurasa zake mbili kwamba meneja aliamka siku moja akatia sahihi vibali vyote kabla ya kunywa chai. Meneja alipofika hapo alikunja uso kwa mara ya kwanza, akaikata sentensi nzima.

"Mimi ni mwajiriwa wa kudumu," alisema. "Mimi siandikwi."

Basi ikawa kila Jumatatu fundi mpya, na kila fundi mpya anapata shati na nafasi kwenye benchi. Safari hii Bi Pole hakusahau kuwapa nyumba, ila yule wa kwanza aliendelea kulala barazani kwa shangazi. Wote waliandikwa kuwa hawachoki, na kweli walisubiri bila kuchoka. Waliamkia wageni kwa heshima. Ndoo ya korido ikijaa, aliye karibu aliimwaga, kwa kuwa kumwaga hakuhitaji kibali. Makao makuu walituma pongezi, meneja akazibandika ukutani chini ya ile sentensi.

Jumamosi zikaenda hivyo. Bi Pole aliketi kwenye meza ya chakula, mgongo wima, akiandika vichwa vya habari. Kufuma hakufuma, kwa sababu meneja alisema safu za uzi zinampotezea muda, na kweli hadithi zilitoka upesi bila uzi. Mikono yake ikawa inapapasa meza. Mara nyingine shangazi akigonga kikombe, yeye alijibu kutoka kwenye meza, "Pole sana." Kiti cha dirishani kilibaki na kikapu tu. Jumatatu ilimkuta bado hajatoka Ijumaa, na ikimkuta hivyo alilia kidogo chooni ofisini, akanawa kwa maji ya ndoo, akarudi kwenye simu.

"Macho yamekuingia ndani," shangazi alimwambia. "Nimekulea toka huwezi kufunga kifungo, na sijawahi kukuona hivi."

"Nitapumzika, shangazi."

"Lini? Au na hilo linashughulikiwa?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Jumamosi moja alimaliza kurasa za meneja mapema kidogo, akabakiwa na karatasi moja tu, jalada la kalenda, lenye picha ya maua mbele. Alilitazama. Kisha akainuka kama anayekwenda kuiba, akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, akalitoa sweta kikapuni. Alifuma safu moja. Akaandika: "Palikuwa na mwanamke aliyekuwa hana la kufanya." Safu nyingine: "Alilala mpaka akashiba usingizi." Safu nyingine: "Aliamka, akaketi dirishani, akafuma, na hakuna aliyemwita." Alikumbuka kosa lake la kwanza, akaongeza kwamba mwanamke huyo nyumba anayo, nayo ndiyo hii. Akalificha jalada chini ya godoro la shangazi, mahali ambapo meneja mwenyewe na mhuri wake hawangethubutu kufika.

Jumapili asubuhi mlango wa chumba cha kulala ulifunguliwa, akatoka mwanamke anapiga miayo. Uso ulikuwa wa Bi Pole, lakini ule wa kabla ya ofisi ya maji: mashavu yamejaa, macho yako mahali pake, alama ya mto bado iko kwenye shavu. Alinyoosha mikono juu mpaka mifupa ikalia.

"Umeamka, mwanangu?" shangazi aliuliza, na alikuwa ameshammiminia chai kabla hajamwona yule mwingine, aliyeketi kwenye meza ya chakula na kalamu mkononi. Alimtazama huyu, akamtazama yule. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Huyu ndiye niliyemlea mimi," alisema, akimpa kikombe yule wa mlangoni. "Wewe wa mezani, nawe ni mwanangu, usikasirike. Lakini huyu ndiye."

Mwanamke alishukuru, akaenda kuketi kwenye kiti cha dirishani. Bi Pole alifanya kama anainuka, kisha akaona hakuna haja. Kiti cha dirishani kilikuwa kimoja. Alikumbuka nyumba, akasahau kuandika kiti cha pili.

Tangu hapo katika nyumba ile kukawa na mtu aliyepumzika. Ilikuwa raha kumtazama. Alifuma bila haraka, safu baada ya safu, na katikati aliandika vijihadithi nyuma ya bahasha kuukuu na kuviacha chai ilipopoa. Fundi wa barazani alipita dirishani kila jioni akirudi kutoka kwenye benchi, akasema anapendeza. Shangazi alipata mtu wa kuongea naye. Na sweta likaisha. Mkono wa pili ulishuka mpaka kwenye kifundo, ukafungwa vizuri, na shangazi akalivaa siku ile ile ingawa kulikuwa na joto, akakaa nalo anatokwa na jasho, akiwaambia wapitaji kwamba katika mji huu kumbe kuna jambo likishughulikiwa huwa linaisha.

Jumamosi iliyofuata bomba la jikoni lilianza kutona. Kwanza tone, kisha matone, kisha uzi wa maji usiokatika. Bi Pole alitoka na kalamu yake mpaka barazani.

"Fundi, bomba la jikoni limeharibika."

Fundi alikuwa ameshasikia. Spana ilikuwa mkononi na mwili wote umeelekea jikoni, ila miguu haikuondoka.

"Nimeshaomba kibali, dada," alisema, na aibu ilimjaa usoni. "Naruhusiwa kuweka beseni."

Akaweka beseni, akaliweka vizuri sana, katikati kabisa.

"Piga simu ofisini," shangazi alisema kutoka ndani ya sweta lake.

"Nikipiga Jumatatu nitainua mimi," alisema Bi Pole. "Na najua nitakachojibu."

Alirudi kwenye meza ya chakula. Alikuwa amefika ukurasa wa pili, kwenye kichwa cha habari kinachosema "Sifa za Fundi", na bado ile nafasi ya mhuri hajaipima. Maji yaligonga beseni. Aliandika neno, akalikata, akaandika lile lile. Mkono wake wa kushoto ulianza tena kupapasa meza.

Mwanamke wa dirishani aliacha kufuma. Aliinua macho akamtazama Bi Pole kwa muda mrefu, bila haraka yoyote, jinsi anavyoweza kutazama mtu aliyelala akashiba.

"Pole," alisema.

Hakuongeza "sana". Hakusema limepokelewa wala linashughulikiwa. Lilikuwa neno moja, halijaombwa, na lilivuka chumba likafika.

Bi Pole aliweka kalamu chini. Machozi yalimjaa machoni, na kwa kitambo aliusikia mwili wake wote ulivyochoka, toka nyayoni, kama vile sasa tu ndipo aliporuhusiwa kuusikia. Shangazi alijifanya anatafuta kitu mfukoni mwa sweta ambalo halina mifuko.

"Nimeshapoa," Bi Pole alijibu, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojibu. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akaivuta karatasi karibu, akamwandikia meneja fundi wa Jumatatu, ambaye naye alikuwa hachoki.